Simba Alisimamia

Shamimu aliziona hadithi za bibi zina tundu, na filamu zake zote zilichungulia humo. Kila mtu aliijua ile ya ukame: wanyama wakachimba kisima, Sungura akagoma, akanywa kwa kuiba, akanaswa na ulimbo, akachapwa. Shamimu akauliza swali ambalo wasimulizi wote waliliruka: Simba naye alishika jembe?

Akaipiga filamu Kitaya, kando ya Ruvuma, wanakijiji ndio wanyama. Simba wake amelala kivulini. Maji yakitoka, yeye wa kwanza kunywa. Wachimbaji wanaimba, "Nani hakuchimba?" na wenzao wanajibu, "Aliyekunywa kwanza!"

Mtwara mjini, Bwana Kassimu, afisa wa vibali, aliitazama akiwa amekunja uso.

"Mwanangu, umeharibu hadithi ya mababu. Simba ni kiongozi. Hachimbi, anasimamia."

"Anasimamia amelala, mzee?"

"Anatafakari! Wimbo huo utoke, la sivyo filamu haionyeshwi popote."

Shamimu alirudi kwake Magomeni, mtaa wa hapo hapo mjini, kwa hasira. Watu wa Kitaya walimpa majembe, ngoma na migongo yao. Kuwanyima filamu yao hakuweza, kuwapelekea iliyohasiwa aliona haya. Mwishowe akaunyamazisha wimbo. Picha akaiacha, picha hakukatazwa.

Siku ya maonyesho kule Kitaya Bwana Kassimu akaja mwenyewe kuhakikisha, mgeni rasmi, kwenye kiti pekee chenye mto. Wenyeji walikaa mikekani na kumbukumbu zao: kisima walichoahidiwa uchaguzi ule, na ule wa kabla yake, na hadi leo wanachota mtoni, kwa mamba.

Simba akajinyoosha kwenye shuka jeupe lililotundikwa kuonyeshea filamu. Majembe yakapanda, yakashuka, kimya. Shamimu akainamisha kichwa.

Lakini huku wimbo wa hadithi si mali ya msimulizi. Wasikilizaji ndio wenye kuuitikia. Bibi Francisca, aliyecheza Kobe, akapaza sauti:

"Nani hakuchimba?"

"Aliyekunywa kwanza!" mikeka yote ikajibu.

Bwana Kassimu, kwa mazoea yake, alikuwa ameshapokea chupa ya maji, ya kwanza na ya pekee, na sasa ilikuwa mdomoni. Akaganda. Macho yote yakalihama shuka, yakamwangukia yeye.

"Zima! Zima hiyo mashine!"

Shamimu akazima. Shuka likabaki tupu, wimbo ukapanda. Huo haukuwa na swichi.

"Kunywa tu, baba," Bibi Francisca akambembeleza. "Si umesimamia?"