Kaliokota kwa Nani?

Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa, seremala alikuwa mtu wa "haya" na "sawa". Sasa ghafla kila kitu ni "No worries". Ukimpa chai, "No worries". Ukimwomba radhi kwamba chumvi imezidi, "No worries". Mkewe, fundi cherehani, hilo halikumwingia akilini. Neno ni kama mafua, aliwaza, lazima kuna mtu wa karibu aliyemwambukiza.

Alimuuliza binti yao.

"Ni kama kusema usijali, mama. Mtu akikushukuru au akikuomba radhi, unamtuliza hivyo. Ila ni la kupigia soga, kwenye barua ya kazi huliandiki."

"Kwa hiyo yupo anayemtuliza baba yako?"

"Mama, na wewe!"

Mama alikuwa na sababu. Kila Alhamisi mume alivaa shati la pasi, eti anafuata mbao, akarudi mikono mitupu. Alimpenda sana mtu huyu, na wazo la kumgawana na mwanamke mwingine lilimkosesha hata hamu ya kula.

Jumatano akaja mteja mpya, mrembo, sauti laini, anataka gauni libanwe kiunoni. Pini ikamchoma.

"Samahani, mdogo wangu."

"No worries," akacheka yule dada.

Kumbe ndiye! Na kiuno chenyewe ndicho hiki anachokipima! Fundi cherehani alitamani kumchoma tena, safari hii kwa makusudi. Akajikaza.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kliniki ya macho. Alhamisi napima watu wazima. Wakishindwa kusoma herufi wanaomba radhi, masikini, utadhani wamekosa. Nawatuliza tu."

Hasira ilimwisha, akabaki na hofu. Alikumbuka kidole gumba cha mumewe kisichokosa plasta, na kabati la jirani lililorudishwa kwa kwenda upande. Seremala asiyeona atakula nini? Ndiyo maana alificha.

Alifunga duka mchana uleule, akaenda karakana. Mume alikuwa akipapasa ubao kwa vidole, anatafuta alama ya penseli. Mke akasimama mbele yake, hatua tatu, bila kusema neno.

Seremala akainua kichwa, akamtazama usoni.

"Karibu, dada," akasema kwa heshima zote. "Nikusaidie nini?"