Mlima wa Mama Hannah

Mlima ulizaliwa Hurlingham, orofa ya tatu, ndani ya kompyuta ya Injinia Okinyi, saa nne asubuhi. Kufikia saa sita ulikuwa umeshapata kontrakta.

"Korongo la chini ya mlima ndilo hili," alisema Mwololo, kontrakta mwenyewe, akigusa kioo kwa kidole. "Na nyumba ya mama iko ukingoni kabisa. Ibomolewe kabla haijaanguka. Tingatinga ninalo."

Mama Hannah, mjane aliyetaka tu kupimiwa shamba lake la Karen ili amwongezee mjukuu chumba, alivua miwani, akaivaa tena. Miaka thelathini ameishi ukingoni mwa korongo na hakuna jirani aliyemjulisha.

"Lakini hapo mimi hupita na ndoo ya maji kichwani," alisema.

"Macho hudanganya, mama," Okinyi akamtuliza. "Hii ni picha ya pande tatu."

Naliaka alikuwa mlangoni na birika. Ofisini humo kazi zake zilikuwa mbili: kupika chai, na kushika ile fimbo ndefu ya vipimo shambani. Siku ya Jumanne aliishika kila kona ya shamba lile. Huo mlima aliupanda kwa kandambili na jasho halikumtoka. Lakini nani alikuwa amemuuliza? Alimwona mama wa watu akikunja leso, akiikunjua, akiikunja.

"Tubomoe Alhamisi?" Mwololo aliuliza.

"Injinia," alisema Naliaka, kama anayeongea na birika. "Nilikutajia kona ya juu inaizidi ya chini kwa mia na hamsini. Zilikuwa sentimita."

Okinyi alifungua daftari. Urefu wa shamba: sitini. Mwinuko: mia na hamsini. Kompyuta haikuuliza mia na hamsini za nini. Namba isiyo na kipimo ni kama mgeni asiyetaja kwao. Hii ilipewa kiti cha mita, ikakaa.

Injinia alicheka kicheko cha wakubwa, akafuta, akaandika moja nukta tano. Picha ikapepesa. Mlima ukabaki palepale. Namba ndogo za pembeni tu ndizo zilizobadilika.

"Umeona sasa? Mimina chai, dada."

"Mlima ni mlima," Mwololo akaongeza. "Hata ukiupima kwa vijiko."

Naliaka angeweza kumimina tu, ajiondokee. Mkono ulikuwa tayari kwenye kikombe. "Hapo chini mita sitini ni kiganja kimoja," alisema. "Hapo juu mita moja na nusu pia ni kiganja kimoja. Picha imevutwa juu ijaze sanduku lake. Mita ya kulala na mita ya kusimama zichorwe sawa."

Okinyi alikitafuta kitufe kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo asiotaka kuupata. Alipobonyeza, mlima ulishuka, ukashuka, ukalala bapa kama chapati ya jana.

Mwololo aliinamisha kichwa akakitazama kioo kwa ubavu, huenda kitu kimebaki. "Ile ya kwanza ilikuwa ya kitaalamu zaidi," alisema kwa huzuni.

Mama Hannah hakumgeukia Injinia. Alimgeukia msichana mwenye birika.

"Kwa hiyo, mwanangu, nyumba yangu haianguki?"

"Haina pa kuangukia, mama."