Kidau Kilichokaa Eda

Asubuhi baada ya hitima ya Badawi, mjane wake Kaltuma alikuwa akipangusa meza ya marehemu alipoona maua ya kidau cha wino yamefumba. Kilikuwa kidau cha zamani cha marumaru nyeusi, na fundi wake alikipachikia vipande vya mawe ya rangi: asumini nyeupe, majani, na kasuku wa kijani. Sasa asumini zilikuwa vitumba, na kasuku alikuwa ameficha kichwa bawani. Kaltuma akamaliza kupangusa.

"Nacho kimekaa eda," alisema jirani yake Harusi, akaendelea kuchambua mahindi ya manjano, maana mwaka ule wa ukame hakukuwa na mengine. Mjane akiwa edani havai asumini, hajifukizi udi, wala hatoki nyumbani. Kufikia adhuhuri kidau kilikuwa cheusi kitupu.

Zein, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshakiuza kwa mwenye hoteli moja ya ufuoni. Alikuja akasimama nyuma ya pazia.

"Shemeji, nimefuata kidau cha babu."

"Hicho ni mahari yangu. Kakako alinipa siku ya ndoa, mbele ya mashahidi."

"Wako wapi?"

Walikuwa wamekufa wote wawili. Zein alijua vizuri sana, alibeba majeneza yao.

Akakichukua. Mwenye hoteli aliona jiwe jeusi tu, akakirudisha. Ndipo Zein akamleta sheikh, naye akakigeuzageuza kidau mkononi.

"Hiki kimo edani," alisema. "Hakitoki wala hakiuzwi mpaka eda ishe."

"Na mahari yangu, sheikh?" Kaltuma aliuliza.

"Hilo, mwanangu, lataka mashahidi."

"Mbona jiwe hukulitaka mashahidi?"

Sheikh alimaliza kahawa yake, akaaga. Kaltuma alishikwa na hasira ambayo hata msiba haukumpa, na alikuwa na haki nayo.

Eda ilipokwisha, alioga, akajifukiza udi, akakishika kidau. Maua yakachanua, ila si kwenye marumaru. Yalichanua migongoni mwa mikono yake, mawe matupu, baridi, yamelala sawa na ngozi. Kasuku alikaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Harusi alisema yamempendeza.

Zein alirudi kwa sheikh, na hukumu ikatoka kabla ya alasiri: mikono ni ya Kaltuma, maua ni ya urithi, na mjane atapewa fungu lake yakishauzwa. Waliokuwepo waliona ni hukumu ya busara.

Kaltuma alivaa buibui lake, akapita mbele ya msikiti wanaume wakitoka kuswali, mikono nje, hana haraka. Alikuwa sokoni akichagua samaki Zein alipomfikia, anatweta.

"Shemeji, mnunuzi anangoja maua."

Kaltuma aliilaza mikono yote miwili juu ya meza ya samaki, akamsogezea kisu cha muuzaji.

"Haya. Yang'oe."

Muuzaji alisogeza ndoo ya magamba kando ili wapate nafasi. Zein alikitazama kisu, akayatazama maua.

"Nitarudi kesho na sheikh," alisema.

"Njoo naye," Kaltuma alisema, "na kisu alete yeye."