Mgongo wa Jagi

Mzee Mgongo aliandika kitabu kimoja tu maishani, na kwa miaka mingi kikasomwa na mtu mmoja: mkewe, tena kwa kulazimishwa. Hoja yake ndiyo iliyompa jina. Ukitazama kitu, alisema, unaona uso wake tu. Mgongo wake unauamini. Wenzake wa fenomenolojia, watu wa kuchunguza mambo yanavyojitokeza machoni, hawakumjua hata kwa dawa.

Basi darasa likawa jikoni, mwanafunzi mama wa watu. Siku mwalimu kijana wa chuo alipobisha hodi akiomba ruhusa ya kuandika ufafanuzi wa kitabu kile, nusura mama ampigie vigelegele. Shida, mzee alishawatimua wawili watatu waliokuja kabla yake na ombi kama hilo. Akimtimua na huyu, mama atahubiriwa mpaka kaburini.

"Ufafanuzi baadaye," mzee akafoka. "Kaa. Lile jagi la udongo pale rafuni. Nieleze unachokiona, siyo unachokijua."

Mama moyo ukampiga paa! Jagi lile alilitoboa kwa mpini wa ufagio kitambo, akaligeuza tundu litazame ukuta. Mzee analikodolea macho kila asubuhi akinywa chai, hana habari.

"Naona udongo mwekundu," kijana akaanza. "Mkono wa kushikia. Tumbo la mviringo..."

"Mviringo umeuona wapi? Umeona nusu!"

"Lakini mzee, jagi si..."

"Kwaheri. Hujanisoma."

Kijana akainuka kama kuku aliyenyeshewa. Mama akaona, aa, hapa uungwana basi.

"Baba watoto, na wewe je? Huko nyuma likoje?"

"Zima, likoje tena? Naishi nalo!"

Mama akalishusha jagi, akaligeuza. Tundu la kupitisha ngumi.

"Nani kalivunja?"

"Mimi, zamani. Tangu hapo unakaa mbele yake kila asubuhi ukinifundisha habari za migongo."

Kijana akabana kicheko, kikamponyoka. "Mzee, si ndiyo kitabu chako hiki? Umeandika kwamba mgongo tunauamini tu, hata anayejua hivyo atauamini. Umejithibitisha mwenyewe!"

Mzee akakwama. Akasirike, awe mjinga. Au akubali, awe sahihi. Taratibu kifua kikaanza kumvimba.

"Andika hivyo hivyo," akasema. "Huyu kanielewa. Sasa sikiliza, sura ya pili inaanzia mbali kidogo..."

Mama alishajitupia khanga begani.

"Sogeza kiti, mwanangu," akamwambia kijana. "Mimi natoka. Usinisubiri."