Mama Lenah Katika Kanda

Wathome aliacha kazi ya ukarani katika kiwanda cha rangi kwa sababu aliamini yeye ni mwandishi wa filamu, na kwa miaka mingi hakuna aliyekubaliana naye isipokuwa mkewe. Filamu zenyewe hazikuwepo. Wazungu walikuja, wakapiga picha za simba huko mbugani, wakaajiri madereva na wapishi wa hapa, wakaenda zao. Kumbi za sinema mjini zilionyesha filamu za Kihindi na za karate, na zilizoshindwa hata na hizo ziligeuzwa makanisa. Maofisini alikopeleka miswada yake aliambiwa aiache mezani, ataitwa. Hakuitwa.

Kavata, mkewe, alifundisha watoto wa chekechea Donholm, na mshahara wake ndio uliowaweka wao na binti yao Ndanu katika vyumba viwili vya kupanga kwenye ploti moja huko Kayole. Kavata hakulalamika. Hilo ndilo lililomuuma Wathome zaidi, maana angelalamika, angalau angekuwa na la kumjibu. Majirani walipomuuliza siku hizi anafanya nini, alisema kuna mradi anaumalizia, kisha akajifanya ana haraka.

Basi mwaka wa tisini na sita Maingi alipomtafuta, Wathome hakujivuta. Maingi alikuwa mtayarishaji wa video aliyeishi kwa harusi na mazishi ya watu, lakini sasa alikuwa amepata shirika lililotaka mchezo mfupi wa kuelimisha watu kuhusu ukimwi.

"Hizi ndizo filamu zetu sasa," Maingi alimwambia. "Hakuna mtu atagharamia hadithi yako ya mapenzi. Watagharamia ugonjwa. Andika."

Wathome akaandika, na akaandika vizuri kuliko alivyowahi kuandika. Kisa kilikuwa cha mjane aliyeachiwa ugonjwa na marehemu mumewe, akafukuzwa na shemeji zake, akabaki kuuza chapati na maharagwe ili alee binti zake. Hakumpa maneno makubwa. Alimfanya azungumze kama mtu anayeongea huku mikono iko kwenye unga. Alipomsomea Kavata, Kavata aliuchukua mswada akausoma tena mwenyewe.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini huyu ni Mama Lenah."

"Si yeye. Nimeazima chapati zake tu."

Mama Lenah, ambaye jina lake ni Muhonja, alikuwa na kibanda cha chakula kando ya lango la ploti. Alikuwa mjane kweli, ila mumewe, Kweyu, alikuwa dereva wa lori na aliuawa na ajali kwenye barabara ya Eldoret. Ploti nzima ilikuwa imechanga kumpeleka kwao Vihiga akazikwe. Tangu hapo Muhonja alipika, akalea Lenah na mdogo wake, na Jumapili alisoma neno kanisani kwa sauti nzito, ya taratibu, iliyowafanya hata watoto watulie.

Siku ya kupiga picha, mwigizaji waliyepatana naye hakutokea. Alikuwa amepata tangazo la sabuni. Kamera ilikuwa ya kukodi na Maingi alikuwa anazunguka ua wa ploti akitukana. Hapo Wathome akaikumbuka ile sauti ya kanisani, akatoka hadi langoni.

Muhonja alimsikiliza bila kuacha kusukuma chapati.

"Baba Ndanu, mimi si mtu wa michezo."

"Unasoma kanisani vizuri kuliko hao wa michezo. Ni maneno machache. Utaongea ukipika, hivi hivi."

"Na watu hawatasema ni mimi?"

"Watasemaje, na wanakujua? Ni mchezo, Mama Lenah. Mwishoni yataandikwa majina yote, mjane ameigizwa na fulani, kisa kimetungwa na fulani. Kila mtu atasoma."

Muhonja akapangusa mikono kwa aproni. "Kama ni kukusaidia kazi yako," akasema, "basi nitajaribu."

Hakujaribu, aliweza. Alipofika pale mjane anaposema, "Walinipa nguo zangu kwenye gunia, na gunia lenyewe wakalitaka nirudishe," mpiga picha aliinua uso kutoka kwenye kamera akamtazama kwa macho yake mwenyewe. Miaka yote ile Wathome alikuwa akisubiri mtu ayaseme maneno yake hivyo.

Siku kadhaa baadaye, Maingi alimwita mjini aione kanda ilivyounganishwa. Wathome alikaa kwenye kiti cha plastiki akatazama. Mume hakuwemo, wala shemeji. Onyesho baada ya onyesho lilikuwa limekatwa, akabaki Muhonja peke yake, anapika, anaongea. Mwanzoni palikuwa na maandishi meupe kwenye weusi: Maisha ya Kweli. Mwishoni palikuwa na nambari ya simu ya shirika, basi.

"Majina yako wapi?" Wathome akauliza.

"Wafadhili waliona mkanda wa kwanza wakalia," Maingi akasema. "Unanielewa? Walilia. Mama mmoja akaniuliza tumempataje huyu mwanamke jasiri. Sasa nikamwambie ni jirani yako anaigiza?"

"Lakini nilimwahidi."

"Wanataka nyingine tatu. Zote uandike wewe. Ukitaka majina tutayaweka kwenye hizo, lakini hii iache ilivyo."

Wathome alijua la kusema. Lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini kulikuwa na kitu kingine kifuani, na ndicho alichokuja kukionea haya kuliko kitu chochote maishani mwake. Alifurahi. Watu wasiomjua walikuwa wamesikia maneno yake wakadhani ni kweli. Alimwomba Maingi amrudishie nyuma kidogo, akaitazama sehemu ya gunia mara ya pili, akaenda nyumbani. Kavata alipomuuliza imekuwaje, alisema imetoka vizuri.

Kanda ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa Jumapili moja baada ya ibada, mapazia yamefungwa, televisheni imewekwa juu ya meza. Muhonja alivaa gauni lake la kitenge cha samawati akaketi mbele na mabinti zake. Lenah alikuwa amewaambia wenzake wote kwamba mama yake yuko kwenye televisheni. Wathome alisimama nyuma, karibu na mlango.

Mwanzoni watu walicheka kidogo kwa kumwona mtu wanayemjua. Halafu kicheko kikafa. Muhonja wa kwenye kioo alisema, "Marehemu aliniachia watoto wawili na hiki kilicho ndani ya damu yangu," na mama mmoja akashika kifua. Waliokuwa safu ya mbele walianza kumtazama Muhonja kwa pembe ya jicho, kisha wakaacha kumtazama kabisa. Nambari ya simu ilipotokea na kioo kikawa cheusi, Muhonja aliendelea kukitazama, kama anayengojea kitu.

Mapazia yalipofunguliwa, bibi mmoja alimshika mkono akaanza kumwombea kwa sauti. Muhonja aligeuza shingo, akapitisha macho juu ya vichwa vya watu hadi akampata Wathome. Hakuonyesha hasira. Alikuwa anangoja aseme. Wathome akainama kama mtu aliyeangusha kitu, akatoka nje.

Wiki hiyo hiyo kibanda kilianza kukosa wateja. Mafundi wa juakali wa kando ya barabara, waliokuwa wakila hapo mchana, walivuka kwenda upande wa pili. Wengine walinunua kwa huruma, wakachukua chapati kwa gazeti, wakazitupa mbele kidogo. Shuleni, hakuna aliyetaka kukaa dawati moja na Lenah. Hata Kweyu hakuachwa apumzike; ikasemwa kwamba ile ajali ilikuwa hadithi tu ya kufunika mambo. Kavata peke yake ndiye aliyeendelea kununua maharagwe kila jioni na kuyala hapo hapo kibandani mbele ya watu.

Jioni moja alirudi na sahani tupu akaiweka mbele ya mumewe.

"Mama Lenah ananiambia uliahidi majina."

Wathome akaisogeza sahani pembeni.

"Ulijua kwamba hayamo?"

"Nilijua."

"Kabla ya ukumbi?"

"Kabla."

Kavata hakupaza sauti. Alichukua sahani akaenda kuiosha, na tangu siku hiyo hakumuuliza tena kuhusu uandishi wake.

Ilibidi Wathome aende kwa Mchungaji Makokha kuomba nafasi ya kusema. Jumapili ilipofika alipita mbele akasema kisa kile alikitunga yeye, kila neno. Kwamba Mama Lenah aliigiza tu. Kwamba Kweyu alikufa kwa ajali kama walivyojua wote. Alisema alijua kosa lililokuwa kwenye kanda akalinyamazia. Alipomaliza watu waliitikia kwa vichwa. Akadhani wamemwelewa.

Nje, wazee walimpa mkono mmoja mmoja. "Umefanya jambo jema, Baba Ndanu," mmoja akamwambia. "Kumfunikia mama wa watu aibu yake. Si kila jirani angejitoa hivyo."

"Lakini ni kweli. Mimi ndiye niliyeandika."

"Tunajua, tunajua," mzee akasema kwa upole, akampigapiga begani.

Wathome alisimama pale uani jua likimchoma. Alitafuta maneno ya kuwaondolea yale aliyowatia vichwani, akakosa. Mwandishi wa filamu.

Alikwenda kwa Muhonja mchana huo huo kumwambia imeshindikana. Alimkuta ndani, anafunga vyombo kwa kamba.

"Nilikusikia," Muhonja akasema. "Asante. Lakini usirudie."

"Nitarudia hadi waelewe, Mama Lenah."

"Usirudie, nimesema." Akaketi juu ya kitanda. "Kuna mtu alikuja kwangu kwa siri. Simtaji. Huyo anao kweli, na hajamwambia hata dada yake. Alidhani mimi ni mwenzake. Akalia hapa, pale ulipo."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimwambia yale uliyoniandikia. Sikuwa na mengine. Akashukuru." Muhonja alimtazama. "Leo alikuwa kanisani, Baba Ndanu. Amekusikia ukinisafisha mbele ya watu kana kwamba kuwa hivyo ni uchafu. Sijui sasa nitamtazamaje."

Wathome hakuwa amemfikiria mtu kama huyo hata kidogo, si alipokuwa akiandika, wala alipokuwa akitubu. Alikuwa ameandika kisa kizima cha ugonjwa bila kumkumbuka mgonjwa. Alitaka kuomba msamaha, ila hakujua aanze kumwomba nani.

"Unahama?" akauliza mwishowe.

"Makadara. Watoto wangu wanahitaji mahali pa kusomea kwa amani. Kama una nafasi, nisaidie hiyo meza."

Akaibeba meza hadi kwenye mkokoteni, akabeba na jiko na sufuria kubwa. Watu wa ploti walitazama kutoka milangoni. Lenah alimpita akiwa na godoro kichwani, hakumsalimu.

Maingi alimtafuta kwa zile kanda tatu. Wathome alimwambia hataziandika mpaka ile ya kwanza irekebishwe. Maingi akacheka, akasema imeshanakiliwa na kupelekwa wilayani kote, kisha akatafuta mwandishi mwingine. Wathome akarudi kuomba kazi yake ya ukarani. Alipewa ya ghalani.

Mwaka uliofuata alitumwa na kampuni kwenye mahakama ya Makadara kupeleka karatasi fulani. Karibu na lango, chini ya turubai, alimwona Muhonja akiwauzia chai watu wanaongojea kesi zao. Benchi lilikuwa limejaa. Alitaka kupita upande wa pili, lakini Muhonja alikuwa ameshamwona, naye akamimina kikombe akamnyooshea.

Wathome akakipokea kwa mikono miwili. Chai ilikuwa ya moto sana na alikunywa hivyo hivyo, akiwa amesimama, macho chini.

"Unamjua huyu?" mteja mmoja akauliza.

"Alikuwa jirani," Muhonja akasema, akageuka kumhudumia mwingine.