Sukari kwa Mgonjwa wa Sukari

Masese alikuwa ameukunja mrija wa dripu kwa ngumi yake, kama mtu anayeziba mpira wa maji shambani.

"Sista, hii chupa ni ya nini?" aliuliza. Alikuwa mwanamume mpana, mchochea kuni wa boila katika kiwanda cha chai upande wa Chepilat, na sauti yake ilizoea kushindana na mashine.

"Ni maji ya sukari, baba," Chepngetich akajibu kwa sauti ndogo.

"Sukari! Sukari imemwangusha bibi yangu, na nyinyi mnamwongezea?"

Wodi nzima ikageuka. Kogo Rebeccah, ajuza wa kitanda cha jirani aliyelazwa kwa kidonda cha mguu, akadakia: "Mimi chai yangu wananinyima hata kijiko kimoja, na mwenzangu anamwagiwa chupa nzima!"

Watu wakacheka. Chepngetich hakucheka. Alikuwa nesi wa miezi minne tu, tena mwenye haya. Lakini alijua hatari iliyokuwa mbele yake. Kando ya kitanda, mashine ndogo iliendelea kusukuma insulini. Sukari ya Nyakerario, mke wa Masese, ilikuwa thelathini na moja alipoletwa asubuhi. Sasa ilikuwa kumi na mbili. Insulini ikiendelea bila ile chupa, ingeporomoka mpaka mama wa watu azimie. Insulini ikikatizwa, asidi iliyobaki kwenye damu ingepanda tena. Na daktari alikuwa chumba cha upasuaji.

"Sukari imeshuka, nimeona mwenyewe," Masese akasema. "Hata hiyo mashine naizima."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nyakerario alikuwa amefunga kula siku tatu kwa maombi, na ni Masese aliyemwambia kwamba asiyekula hana haja ya sindano ya insulini. Siku ya tatu alianza kutapika na kuhema kama aliyepanda mlima mbio.

"Nilimkosea mara moja, sista. Sitamkosea tena."

Hapo Chepngetich akaelewa kwamba huyu hakuwa mkali; alikuwa amejaa hofu. Akasogea, akaweka mkono wake juu ya ule wa Masese bila kuuvuta.

"Baba, kule boila, kuni kavu zikikosekana mnafanyaje?"

"Tunachoma mbichi."

"Halafu?"

"Moshi mtupu. Unakula macho."

"Basi sukari ndiyo kuni kavu, na insulini ndiye anayeziingiza motoni. Mama alipoacha sindano, kuni zilirundikana nje, mwili ukachoma mafuta yake wenyewe. Hizo ndizo kuni mbichi. Moshi wake ndio asidi iliyomfanya aheme. Sasa kuni za nje zimepungua, lakini moshi bado umejaa ndani. Ukimfukuza mchochea kuni, tunarudi kwa mbichi. Ukimnyima kuni, moto unazimika."

Hata chuoni hakuwahi kusema mengi hivyo kwa pumzi moja. Mashavu yalimwaka.

Masese akaitazama chupa. "Kwa hivyo hili ni lori la kuni."

"Ndiyo. Tunashusha kidogo kidogo, na kila saa tunapima."

Vidole vikalegea. Tone likaanguka, kisha la pili.

Mchana wote Masese hakubanduka. Kila kipimo kilipotoka, aliuliza neno moja tu: "Moshi?" Naye Chepngetich alimjibu: "Unapungua." Kufikia jioni Nyakerario alikuwa anapumua taratibu na kuulizia watoto.

Asubuhi ya pili kipimo cha asidi kikatoka safi. Daktari alilisoma faili lote, akasema, "Nani alilinda hii dripu? Kazi nzuri sana." Kogo Rebeccah akamnyooshea Chepngetich kidole kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo.

Ugali na mboga za saga vikaletwa. Nyakerario akanyoosha mkono, Masese akaivuta sahani.

"Sindano kwanza."

"Leo ni wewe unanifundisha?"

"Hata ukifunga, hata ukiwa mbinguni, sindano kwanza! Sista amesema."

Nyakerario akacheka, akabana ngozi ya tumbo na kujidunga mwenyewe. Akala mpaka sahani ikang'aa. Saa mbili baadaye Chepngetich akamtoa dripu, na Nyakerario akashuka kitandani, akatembea hadi msalani na kurudi bila kushikwa na mtu. Wodi nzima ilimpigia vigelegele kama bibi arusi.