Theluji Katika Chumba cha Pasi

Kitabu kilishuka kimeviringishwa ndani ya shuka la wodi ya wanaume, Jumanne saa nne asubuhi, pamoja na soksi moja na kijiko. Soksi na kijiko vilirudishwa wodini. Kitabu hakikuwa tena na mwenyewe, kwani mgonjwa wa kitanda kile alikuwa ameshafariki, basi mwanamke wa pasi akakiweka kwenye rafu ya wanga.

Alikuwa na miaka thelathini na saba, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumikia katika dobi la hospitali, chumba cha kufulia kilicho chini kabisa ya jengo. Wenzake walimwita Bi Pasi. Dada yake wa pekee alikufa miaka mitatu iliyopita kwa kuanguka ngazini, nyumbani kwake. Ndivyo cheti kilivyosema.

Kitabu kilikuwa kinene, kimetafsiriwa kutoka lugha mojawapo ya zile nchi za Skandinavia ambako majira ya baridi jua husahau kuchomoza. Kilimhusu inspekta wa polisi, mwanamke, aliyeanza siku kwa pombe kali, asiyesemezana na mama yake, na ambaye kila akifungua bomba alimsikia mdogo wake aliyezama akimwita. Katika mji wake kulikuwa na mtu anayeua wanawake na kuwalaza juu ya ziwa lililoganda, amewafunika vizuri kama waliolala.

Bi Pasi alisoma wakati wa chakula cha mchana, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipofika ukurasa wa kumi na tisa, theluji ilianza kuanguka kutoka darini. Chumba kile kilikuwa tanuri mwaka mzima, kwa hiyo wenzake waliifurahia. Msimamizi alishuka, akatazama juu, akaagiza shuka kavu zihamishiwe pembe ya pili. Tangu siku hiyo mwendesha mashine za kukaushia alimpigia pasi nusu ya foronya zake ili apate nafasi.

"Soma, dada," alimwambia. "Leo joto limezidi."

Maiti ya kwanza ilitoka ukurasa wa sitini na nne. Iliteleza kati ya kurasa ikatua juu ya meza ya pasi: mwalimu wa muziki, shingo imekatwa hadi mfupani. Alichafua foronya kumi na moja. Bi Pasi aliziloweka kwenye maji baridi na chumvi, maana maji ya moto huipika damu ikang'ang'ania nyuzi. Mhudumu wa chumba cha maiti alikuja na kitoroli chake, akamkagua mwalimu vidole vya miguu, akakataa kumpokea kwa kuwa hakuwa na kadi ya wodi. Ikabidi kitabu kifunuliwe, arudishwe kwa kutanguliza miguu.

Kufikia Ijumaa walikuwa wameshatoka wanne. Wa nne alikuwa amepigwa kisogoni mara tatu, kwa kitu kidogo, kizito, cha mviringo. Fuvu lilibonyea kama ganda la yai. Bi Pasi alikipakata kichwa kile akakifuta, na maiti ile hakuirudisha kitabuni.

Alikuwa amekwisha kuliona jambo lile. Siku aliyokufa dada yake, shuka lililomfunika lilishuka dobini kama shuka nyingine, na Bi Pasi alilifua kwa mikono yake kabla hajaambiwa ni la nani. Lilikuwa na madoa matatu ya duara, kila moja mahali pake. Ngazi hailengi. Alilijua hilo kwa miaka mitatu kama mtu anavyolijua jino lililooza, kwa kutotafunia upande ule.

Inspekta mwenyewe alitoka ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, Jumatatu mchana, koti limelowa, ananuka pombe. Kwanza aliomba taulo. Akaeleza kwamba madhali msomaji amesimama ukurasa ule, muuaji naye amesimama, mkono juu ya kitasa cha mlango, kwa hiyo yeye ana nafasi. Alikitazama kichwa kilichopakatwa, kisha akamtazama aliyekipakata.

"Wako alikuwa nani?"

"Dada yangu."

"Aliyempiga?"

"Shemeji."

Hakuwahi kulitamka kabla ya hapo. Mashine ya kukaushia ilimaliza mzunguko wake, mwenzake akatoa mashuka.

Shemeji alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba akipima kama wauzaji wanapunja, na hakuna aliyewahi kumhonga. Wenye maduka walisimama akiingia. Alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, na mama yake Bi Pasi alihamia kwao tangu mazishi ili amlee. Kila Jumapili Bi Pasi alikwenda kula huko.

Jumapili ile alikwenda na Inspekta. Mama aliongeza sahani. Shemeji alimuuliza mgeni kama kwao barabara hupitika wakati wa barafu, naye akajibu kwamba hutegemea. Alimaliza chakula chote, kisha akaomba aletewe sanduku la mawe. Shemeji alilileta mwenyewe. Inspekta alichagua jiwe la kilo moja, akaenda nalo mpaka kwenye ngazi, akainama, akapima kwa shubiri, akarudi.

Alisema kwamba dada alikuwa akipanda, amebeba beseni la nguo, amempa mumewe mgongo. Pigo la kwanza lilimkuta ngazi ya tatu. La pili lilimkuta amepiga magoti. La tatu lilimkuta ameshakufa.

Shemeji alijifuta midomo kwa kitambaa.

"Mara tatu, ni kweli," alisema. "Alinijibu mbele ya wageni."

Inspekta akamvunja pua kwa lile jiwe. Halafu akaushika mkono wa kulia wa shemeji, akaulaza mezani, akavunja vidole kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayebangua korosho. Shemeji alipiga ukelele kwenye kidole gumba tu. Meno mawili yalidondoka kwenye chumvi. Hakuna aliyeinuka. Bi Pasi aligundua kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ukingo ili meza isiyumbe.

Jiwe lilipowekwa chini, alimgeukia mama yake. Mama alikuwa akiondoa mifupa kwenye sahani ya mjukuu.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema mama. "Nilimwosha mimi. Vidole vyangu viliingia mle kichwani."

"Na ukanyamaza, mama."

"Na wewe ulifua shuka."

Mama akaendelea kwa sauti ile ile kwamba mtoto anahitaji paa na shule, na baba aliye gerezani halishi mtu. Yule mtoto alikuwa ameshakwenda kuleta ndoo na kitambaa, bila kutumwa. Alifuta damu kuanzia pembezoni kwenda katikati, ili isisambae.

Kesho yake Bi Pasi na Inspekta walikwenda kituo cha polisi. Ofisa wa zamu aliwapa viti, akaandika kila neno. Kisha akawaeleza kwamba jalada la marehemu lilishafungwa. Kwamba kitambulisho cha Inspekta kimetolewa na kitabu, na mamlaka yake yanakomea kwenye jalada la kitabu hicho. Na kwamba maneno yaliyosemwa mezani na ndugu ni ya kifamilia. Jambo pekee aliloweza kufungulia kesi ni vile vidole, kwa kuwa vilikuwa na ripoti ya daktari. Shemeji alikataa kushitaki. Alisema amesamehe, na mtaani watu wakamsifu sana kwa moyo huo.

Bi Pasi akamrudisha Inspekta kitabuni, akamalizia kusoma. Ukurasa wa mia tatu na themanini na nane Inspekta alimpiga muuaji risasi mbili, moja ya goti na moja ya koo, na barafu ikapasuka ikammeza. Baada ya ukurasa wa mwisho Inspekta hakuwa na pa kwenda, akarudi dobini. Msimamizi alimpa aproni akamweka kwenye mashine ya kukunja shuka. Alikuwa mchapakazi, ila mabomba walimfungulia wengine.

Miezi saba baadaye vidole vya shemeji viliunga, vimepinda lakini vinashika. Akaoa mfamasia mpole kutoka duka la dawa alilolikagua. Siku bibi harusi alipohamia, Bi Pasi na Inspekta walikwenda kusaidia kubeba masanduku, na mama aliwapa wote chai.

Yule mtoto alimshika mama yake wa kambo mkono akamtembeza nyumba. Alimwonyesha kabati la vyombo, dirisha lisilofunga vizuri, kamba ya kuanikia. Mwisho akampandisha ghorofani hadi chumba kidogo cha pembeni, Bi Pasi akiwa nyuma yao na sanduku kichwani.

"Mlango huu una komeo kwa ndani," alisema mtoto. "Ukisogeza na kabati, hawezi kuingia. Mama alikuwa anakuja huku."

Bibi harusi alilijaribu komeo, likaingia sawasawa. Akamshukuru, akauliza sabuni huwekwa wapi.